Wababe wa jezi namba tano, mimi ndiye niliyewakanda

Wakuu, ninayoyasema ni ya mwaka ule tuliokunywa uji wa chumvi.

Sukari ilikuwa imeadimika, na sisi wa Ruaha tunalala katikati ya miwa! Ukikaribishwa chai unapewa kikombe mkono huu, kipande cha muwa mkono ule. Tafuna, shushia.

Sasa nimeona humu vijana mnawapanga wachezaji wagumu kuwahi kutokea kwenye timu yetu. Nimecheka mpaka nikashika mbavu. Mnawajua kwa kusimuliwa. Mimi nimewashika kwa mikono hii.

Nilikuwa mkandaji wa timu. Maji ya moto, chumvi na kitambaa. Wagumu wenu wote wamelia kwenye mkeka wangu.

Kwa wageni niwaeleze: kwetu namba tano hafanyiwi sabu. Uchanike, uvunjike, utambae, utamaliza dakika tisini. Ndiyo ubabe wenyewe.

Mmoja mnamwita Chuma. Aliwaumiza vijana wa Kilangali mpaka wakimwona wanainama kufunga kamba za viatu. Basi huyo Chuma nikimgusa kifundo na kitambaa cha moto, anamwita mama yake! Na mama yake yuko uani anamsikia, kwa aibu anajifanya anachambua mchele.

Mwingine Tingatinga, sentahafu. Alimaliza mechi goti limegeuka, akabebwa juu kama bwana harusi. Leo mke wake amemtobolea kiti cha plastiki katikati, kinawekwa juu ya tundu la choo, maana kuchuchumaa hawezi.

Mpigieni makofi.

Turudi mwaka ule. Mjukuu wangu Athumani alikuwa beki, na kibarua wa kukata miwa. Nusu fainali na Kisanga akakanyagwa, goti likavimba kama boga. Nikakanda, wapi. Nikampeleka zahanati, daktari akasema mpira asiuguse mpaka amruhusu, la sivyo goti hilo halitarudi.

Wakuu, nyumbani tuko wawili tu. Panga la Athumani ndilo linalobandika sufuria. Goti likienda, na sufuria imeenda.

Asubuhi ya fainali na timu ya Mikumi, wakaja watu wawili. Mwenyekiti wa klabu, na Tingatinga mwenyewe kapakata jezi namba tano kama mtoto mchanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibuni mketi."

Nikawatandikia mkeka. Viti ninavyo, ila siku hiyo niliviacha ndani makusudi.

Mwenyekiti akakaa. Tingatinga akabaki wima kama nguzo ya umeme.

"Kaa baba, mgeni hasimami."

"Niko sawa tu, mama."

"Kaa bwana. Au mkeka una miba?"

Mwenyekiti akakohoa. "Mama, tumekuja kwa heshima. Kijana tumemteua avae namba tano leo. Jina lake litaingia kwenye historia ya klabu."

Nikamwambia, "Historia ya klabu si hiyo hapo imesimama? Mwambie ikunje mguu."

Mnadhani Athumani alinishukuru? Akajishika ukutani, akainuka, akanyoosha mkono aichukue jezi.

"Bibi unaniaibisha. Watasema nimeogopa kama mwanamke."

"Mume wangu, waache waseme. Mimi mwanamke nimejifungua mama yako hapo ndani na jirani hakujua."

Akaishika jezi. Lakini Tingatinga hakuiachia! Yeye anaivuta, huyu anaivuta, kama wanagombea kanga mnadani.

"Mpe bwana!" Mwenyekiti akafoka.

Tingatinga hamtazami. Analitazama goti la mjukuu wangu. Akaniuliza taratibu, "Mama, ukilibonyeza linalia?"

"Linalia."

"Kama langu?"

"Kama lako."

Akaivuta jezi kwa nguvu, akaibana kwapani. Nasema ukweli, hiyo ndiyo siku pekee niliyomwona Tingatinga mgumu.

Mwenyekiti akasimama anajikung'uta. "Mama, tukifungwa leo ni juu yako. Sema neno moja tu, kijana anavaa au havai?"

Nikamjibu: "Jezi hiyo haivaliwi na mtu wa kwangu."

Wakaondoka. Huko Mikumi tukafungwa, tena vibaya. Nikipita sokoni watoto wa watu wananiita Bibi Sabu. Athumani alininunia, akawa anakula kanipa mgongo. Nikamwacha anune. Mtu akinuna goti halivimbi.

Alipopona alirudi kwenye miwa. Ninapoandika hapa yuko shambani, na jioni anacheza kujifurahisha. Akiumia anatoka, anakunywa maji, maisha yanaendelea.

Somo langu ni hili. Msimpime mtu ugumu siku ya mechi. Mpimeni uzeeni, asubuhi, kama suruali anavaa mwenyewe.

Anayeona niliikosesha timu kombe, aandike hapo chini, matusi nimezoea. Mwenye babu yake mbabe naye aje atuambie chooni anafanyaje.

Na wewe Mwenyekiti najua uko humu, umejificha kwa jina la simba. Juzi umepita tena kwangu na jezi yako ndani ya mfuko, ukasema goti si limepona, mama, na mambo yamebadilika. Niliingia ndani nikakuacha mlangoni. Jibu lako hili hapa, mbele ya wakuu wote:

Jezi hiyo haivaliwi na mtu wa kwangu.