Matairi Mawili ya Ndani

Mwezi uliopita tairi la gari la binti yangu lilitobolewa na msumari tukiwa Beni, kwenye njia ya kwenda Mbau. Kijana mmoja akaja na mashine yake ya upepo, akachomeka kitu kama kamba kwenye tundu, akajaza, akasoma namba kwenye kisaa kidogo, akafuta mikono. Nilipomwomba agonge na yale matatu mengine, asikilize, alinitazama kwa huruma. "Kugonga namna gani, papa? Ile ni mambo ya bakoko, bazee ba zamani. Leo mashine ndiyo inasema." Nilicheka naye. Lakini njia nzima ya kurudi Butembo niligongagonga mlango wa gari kwa kidole, na binti yangu akadhani ninaumwa.

Mama yangu alikuwa fundi wa matairi. Kama ulikulia Butembo enzi zile huenda unamkumbuka, mwanamke mfupi mwenye mabega mapana, kwenye barabara ya kutokea kwenda Lubero. Kazi alifunzwa na baba yake, aliyetunza malori ya shamba la kahawa na hakujaliwa mtoto wa kiume. Baba yangu alipokufa, mama alitoa vyuma vya babu kwenye gunia, akaweka nusu pipa la maji kando ya barabara, akaanza. Watu walikuja kwanza kutazama, kama watu wanaotazama mbuzi aliyepanda juu ya paa. Baadaye walikuja na matairi.

Mpira wa ndani ukitoboka, aliusugua, akaweka kipande cha mpira mbichi juu ya tundu, akakibana kwa pistoni kuukuu ya injini. Ndani ya pistoni alimimina petroli kidogo, akawasha. Moto ukizimika wenyewe, kiraka kilikuwa kimeshikana kama ngozi juu ya kidonda kilichopona. Kisha mpira ulijazwa upepo na kuzamishwa pipani. Kikitoka kipovu kimoja, hata kidogo kama jicho la sisimizi, alibandua na kuanza upya, dereva apige honi asipige. Harufu ile ilikaa kwenye nguo zetu, kwenye blanketi, mpaka kwenye fufu, ugali wetu wa muhogo. Viazi tulivyochoma pale kando vilikuwa na ladha ya moshi wa mpira, na hadi leo kiazi kisicho nayo naona kimepungukiwa.

Kazi yangu mimi ilikuwa sikio. Kabla lori halijaondoka nilizunguka na kipande cha chuma nikigonga kila tairi. Lenye upepo wa kutosha hukirusha chuma na kulia juu. Lililopungua hukipokea na kuguna. Nyuma ya lori matairi hukaa mawilimawili, na la ndani likiisha upepo macho hayaoni kitu, kwa sababu mwenzake wa nje analibebea mzigo. Inabidi uingie chini, ulale kwenye tope, ugonge. Mama alipenda kusema, "Ya inje inaonekana, ya ndani inabeba." Nikiwa na miaka kumi, madereva walinifunga macho kwa kitambaa wanijaribu, na sikukosea. Nilikwenda shuleni nikitembea kama mtoto wa chifu.

Asubuhi moja ya mvua habari ilifika kwamba mukaka, yaani bibi yangu mzaa mama, amefiwa na dada yake kule Kayna, na maiti itazikwa jioni ileile. Lori lililokuwa tayari kwenda huko lilikuwa la alhaji mmoja wa Beni, msafirishaji aliyekuwa haondoki Butembo kabla mama hajamwambia nenda. Mukaka akapandishwa mbele, karibu na alhaji. Shida ilikuwa tairi la akiba: lilikuwa bado pale kwetu, kiraka hakijashika.

"Mama, niende bila ya akiba?" aliuliza alhaji.

"Tungoje mutoto," mama alijibu. "Kama zote sita ziko mazima, nenda. Maiti haitangoja."

Nilikuwa nimevaa shati jeupe la kwaya, kwa sababu siku hiyo tulikuwa tumwimbie padri mgeni. Niligonga mawili ya mbele, na mawili ya nje nyuma. Nikainama, nikatazama tope chini ya lori, nikatazama shati.

"Ziko sawa, mama."

"Hata za ndani?"

"Hata za ndani."

"Uliingia chini?"

"Niliingia."

Alikuwa ameshika pistoni yenye moto, hakugeuka kunitazama. Lori likaondoka.

Saa sita dereva mmoja aliyetoka Lubero alisimama kwetu na kusema lori la alhaji limekwama kwenye mlima, tairi la nyuma limepasuka, watu ni wazima. Mama alipakia tairi la akiba na vyuma vyake kwenye pikapu ya jirani, akanivuta mkono nikapanda.

Tulipofika, abiria walikuwa wamekaa kando ya barabara, na mukaka peke yake juu ya jiwe, rozari mkononi. Wanaume walikuwa wamemngoja mama kama watoto wanavyongoja sinema.

"Si nilisema? Kazi ya pneu, ya matairi, ni ya banaume. Mwanamuke apike sombe!"

"Mama, kwako unatiaka hewa ao unatiaka maombi?"

"Wewe kuja hapa upige pompi," mama alimjibu yule wa pili. "Mudomo yako iko na hewa mingi."

Wakacheka, na kweli yule alipiga pompi mpaka shati likamgandia mgongoni. Lakini kabla ya hapo mama alikuwa ameingiza mkono ndani ya tairi lililopasuka. Alipoutoa, vidole vilikuwa na unga mweusi wa mpira. Tairi linalokatika ghafla kwa jiwe halitoi unga. Unga ni wa tairi lililosagwa polepole, lililotoka nyumbani likiwa halina upepo. Mama aliutazama ule unga, halafu akatazama shati langu. Halikuwa na hata doa moja.

"Nani aligonga za ndani?" aliuliza alhaji.

"Ni mimi," mama alisema. "Kosa ni yangu."

Nami nilimshikia spana, kana kwamba hayanihusu. Mama alifunga tairi, akakaza nati kwa uzito wake wote, halafu na kitenge chake kizuri akaingia chini ya lori, akagonga yote mbele ya wale wanaume. Hakuna aliyecheka tena wakati huo. Mukaka alifika Kayna usiku, akakuta udongo umeshamfunika dada yake.

Nyumbani mama hakunipiga wala hakuniuliza kitu. Juma lililofuata alhaji alipokuja nilimfuata nyuma ya lori lake, nikamwambia kweli huku nikilia.

"Nilijua," alisema. "Mama yako akisemaka neno anakutazama mu macho. Siku ile alitazama chini. Mutu mwenye kubeba kosa ya mutoto wake mbele ya banaume kumi, nitaogopa kazi ya mukono yake namna gani? Umeniambia, ni vizuri. Na bale balicheka, utabaambia lini?"

Sikuwaambia. Niliona haya, halafu nikakua, halafu ikawa desturi. Mama alifanya kazi ile mpaka magoti yalipokataa, na malori ya Beni yaliendelea kumjia. Lakini wanaume walipokunywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, hadithi ya jinsi tairi la mwanamke lilivyowalaza watu mlimani haikuisha utamu. Miaka mitatu iliyopita nilimkuta mmoja wao sokoni, mzee kabisa, mgongo umepinda. Akanionyesha kwa mjukuu wake: "Huyu ni mutoto ya ule mama, pneu yake ilitupasukia kwa njia." Nikamsalimu, nikamuuliza habari ya mgongo wake, nikapita.

Sasa yeye pia amekufa. Mama, mukaka na alhaji walitangulia zamani. Pale kwetu pamejengwa kituo cha mafuta, na hakuna mtu Butembo anayegonga tairi kwa chuma. Hilo halinisumbui, mashine ya yule kijana inapima vizuri. Kinachonisumbua ni kwamba vitu vyote vya siku ile vimepotea isipokuwa ile hadithi, na hadithi ina uongo ndani yake. Ukiisikia, rafiki yangu, mkatize anayesimulia. Mwambie mama aliuliza mara mbili, na aliyejibu ni mimi.