Filamu ya vita aliyoikata Mama Tumaini

Leo fundi cherehani kanishangaza dukani kwangu, ninapochoma DVD.

Fundi huyo ni Mama Tumaini, jirani yangu hapa Mafinga, kaleta flashi. Ndani kuna filamu ya vita aliyoihariri upya mwenyewe kwa simu.

"Nichomee kwenye DVD, kaka."

Nikamshauri achukue Blu-ray, picha inakuwa safi zaidi.

"Ni ya mama, yuko Nyololo. Deki yake ni ya DVD tu. Na mama mwenyewe haiwezi milio ya risasi."

Nikaifungua kukagua ubora.

Jamani, filamu hii naijua. Lakini mapigano kayatoa, kamfuata mama mmoja anayemsubiri mwanawe arudi kutoka vitani. Mama huyo sikuwahi hata kumtazama usoni.

Tuliangalia mpaka mwisho.

"Imetoka sawa?" akaniuliza.

Nikaweka diski, nikaanza kumchomea. Kisha nikampigia mama yangu.

Nyie na mama zenu mmeongea lini?