Potasiamu Kwenye Kibuyu cha Jirani

Safu ya kwanza ya jedwali la elementi ndiyo wanafunzi wangu huipenda kuliko zote, kwa sababu ina moto. Naanza juu, na lithiamu, inayotoa mapovu majini taratibu kama mtu asiyetaka ugomvi. Nikishuka, sodiamu inakimbia huku na huko juu ya maji. Nikishuka tena, potasiamu inawaka moto wa zambarau, na wasichana wa dawati la mbele wanapiga mayowe. Kisha naeleza: kadiri unavyoshuka, atomu inakuwa kubwa, elektroni ya nje inakaa mbali zaidi na kiini, na kuipoteza kunakuwa rahisi. Nimesema maneno hayo miaka mingi bila kuhofia lolote.

Nilianza kuyahofia pale figo za baba zilipochoka. Daktari alimwambia apunguze chumvi, yaani sodiamu, lakini aliyoitilia mkazo ni jirani yake wa chini kwenye jedwali, potasiamu. Figo zikishindwa kuitoa inajaa kwenye damu, na moyo unaweza kusimama bila hodi. Najua vizuri kwamba mwilini haiwaki, elektroni yake iliondoka zamani. Hofu haisomi kemia. Nilipiga marufuku ndizi, maharagwe, parachichi na viazi. Mzee wa Kikuyu bila viazi ni nini? Alininunia, lakini alitii.

Kilichonishinda ni mursik. Jirani yetu, mama wa Kikipsigis wa rika la baba, alikuwa akimletea kibuyu cha maziwa hayo ya mgando kila Jumapili baada ya kanisa. Maziwa yenyewe yana potasiamu, na ndani ya kibuyu husuguliwa mkaa wa mti wa senetwet, na kwenye majivu ya kuni ndiko jina la potasiamu lilikotoka. Baba hakuwa mtu wa mursik. Alijifunza kuinywa mwaka ule nyumba za Wakikuyu wenzetu zilipochomwa hapa Kedowa baada ya uchaguzi, mama huyo alipotuficha nyuma ya ghala lake la mahindi na kutulisha mursik kwa ugali. Tangu hapo baba hakuwahi kurudisha kibuyu kikiwa na kitu ndani.

Damu ilipopimwa ikaonekana potasiamu imepanda, niliamua. Nilimkuta mama huyo akichuma chai, nikamweleza kama ninavyoeleza darasani, polepole, hatua kwa hatua.

"Kwa hivyo maziwa yangu iko na sumu?" aliuliza.

"Hapana, mama. Ni figo ya mzee ndio mbaya. Wewe endelea kuja, lakini bila mursik."

Alisema sawa, akaendelea kuchuma. Jumapili hiyo hakuja, wala iliyofuata. Kipimo kikashuka, daktari akanipongeza. Nilifurahi, sitajifanya sikufurahi. Lakini baba aliacha kumaliza chakula. Akawa anauliza kanisa la upande wa jirani linatoka saa ngapi. Mwishowe akaniambia, "Umefukuza mtu wangu na hiyo masomo yako."

Iliniuma sana. Ni mimi niliyekuwa nikiamka usiku kusikiliza kama anapumua. Nikampigia daktari simu, naye akasema nusu kikombe kwa wiki anaweza kumruhusu, mradi tuendelee kupima. Jumapili nikaenda kwa jirani mbiombio, nimebeba habari njema.

Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, hakunikaribisha ndani.

"Nusu kikombe tu, mama. Daktari amekubali. Mzee anakungoja."

"Na akikufa, mwalimu?"

"Hawezi kufa na nusu kikombe."

"Ni mgonjwa, siku moja atakufa. Hiyo siku watu wenu watauliza alikunywa nini, na ilikuwa ya nani. Wewe ndio ulisema iko na kitu." Aliangalia barabarani kwanza, kisha akashusha sauti. "Mimi niko na vijana hapa. Mwambie namwombea."

Kila nilichomfundisha kilikuwa kweli, na alikuwa amekielewa chote.

Nilipofika nyumbani, baba alikuwa ameketi barazani. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, na kikombe kilikuwa tayari mkononi.