Kiti cha Bibi Harusi na Kimbunga cha Kwanza

Nilitoka Nizwa kwa ajili ya harusi, na kwa ajili ya kimbunga. Harusi ilikuwa ya Amal, binti pekee wa Shangazi Zuwena, mjini Sur, pwani ya Omani. Kimbunga kilikuwa cha kwanza cha msimu, kikizaliwa juma lile lile katika Bahari ya Arabu, nami nilikuwa na furaha ya mtoto aliyeahidiwa sikukuu mbili kwa siku moja. Mnajua kazi yangu ni kutunga hadithi. Wanaotabiri tufani, nilidhani, hutunga kama mimi, ila wao huumbuka mapema.

Asubuhi, njiani. Gari aliendesha binamu yangu Rayya, mtabiri wa hali ya hewa, aliyepewa likizo ya harusi lakini kompyuta yake hakuiacha. Milima ilikuwa mikavu, rangi ya mkate ulioungua, na anga halina hata doa.

"Kiko wapi basi?" nikamuuliza.

"Kinakunywa," akajibu. Mwezi huu bahari imepata moto, akanieleza. Mvuke wake ndio chakula cha kimbunga, na kikishiba huanza kuzunguka.

Mjini Ibra tulisimama kunywa chai ya maziwa, naye akaifungua kompyuta juu ya boneti. Niliona wingu jeupe lililopigwa picha na setilaiti, kisha mistari mingi myembamba, inatoka mahali pamoja na kutawanyika kama nywele zilizofumuliwa. Kila mstari ni jaribio moja, alisema: unabadilisha kidogo tu joto au upepo wa mwanzo, kisha unaiuliza kompyuta upya, kimbunga kitakwenda wapi? Mistari ikikubaliana, unapata imani. Ikigombana, unachunga ulimi.

Karibu yote ilipita mbali, baharini. "Sur imepona!" nikapiga kelele hadi muuza chai akageuka.

"Wewe unatazama kinapokwenda. Mvua yake je?" Akanionyesha kivuli cha kijani kilichotanda mbali kabisa na mistari ile, hadi juu ya milima.

Hapo hapo simu ikalia. Alikuwa Shangazi, na sauti imejaa ushindi. "Wanangu, bahari nimeizidi akili! Hema nimelihamisha kutoka ufukweni. Tuko ndani ya wadi, mto mkavu, changarawe tupu, milima inatukinga. Njooni mle!"

Rayya akaifunga kompyuta. Chai hakuimaliza.

Sur tuliingia kabla ya adhuhuri. Hema jeupe lilikuwa limesimama katikati ya wadi, mkondo mpana ambao karibu mwaka mzima hauna tone la maji. Mazulia yametandikwa, na mbele lipo jukwaa la bibi harusi na kiti chake kikubwa cha rangi ya dhahabu.

"Shikamoo, Shangazi. Tuhameni hapa," alisema Rayya kwa pumzi moja.

"Marahaba. Ndiyo salamu hiyo? Mie mtoto wa Unguja, tufani naijua. Hutoka baharini, nami nimeikimbia."

"Unguja ardhi hunywa mvua. Hapa milima ni mawe, haimezi kitu. Ikinyesha huko juu, yote yatashuka hapa tulipo. Maji ya nchi hii huja kutoka mgongoni, Shangazi."

"Na itanyesha?"

"Huenda. Siapi."

"Wallahi, msikieni huyu! Hujui, na unataka nivunje hema, na wageni kutoka Ashkhara wako njiani?"

"Ningejua haitanyesha, ningekaa nikala. Sijui, ndiyo maana nasema tuhame."

Kisha Amal akateremka garini, hina haijamkauka, mikono ameiinua juu kama mtu aliyetekwa. "Mama, pilau italiwa popote. Mie nataka kuolewa mkavu." Watu wakaangua kicheko, na kicheko kile ndicho kilichong'oa vigingi vya hema.

Alasiri tulikuwa kilimani, kwenye uwanja wa jirani. Kila kitu kilipandishwa isipokuwa kile kiti. Kilikuwa kizito na wabebaji walishachoka. Jua likawaka. Upepo ukatia mchanga kwenye pilau.

"Binti Kompyuta!" Shangazi akaita mbele ya wageni. "Nikupe mwavuli?"

Rayya alicheka nao, lakini macho yake hayakubanduka milimani. Nikaielewa kazi yake: akikosea kwa hofu, watamcheka mpaka uzeeni, akikosea kwa kunyamaza, hatobaki wa kumcheka.

Kwanza tulisikia mngurumo, kama malori yanayomwaga kokoto. Kisha maji yakaja, ya kahawia, chini ya anga la buluu, yamebeba vigogo vya mitende. Yakapita pale pale tulipotandika mazulia. Kiti cha dhahabu kikainuka na maua yake ya plastiki, kikasimama wima juu ya maji, kikashika njia ya baharini kama malkia asiyeaga. Nilipiga ukelele, na sijui hadi leo kama ulikuwa wa hofu au wa furaha.

Shangazi aliukamata mkono wa Amal, hina ikavurugika, wala hakuna aliyejali. "Rayya," akasema taratibu, "njoo ukae hapa, karibu na mie."

Tuliporudi Nizwa milima ilikuwa imeoshwa, inang'aa. Kimbunga chenyewe hakikuigusa nchi kavu, kilifia baharini. Nilidhani mtabiri hutunga mwisho kama mimi. Sivyo. Yeye hubeba miisho mingi kwa pamoja, asipendelee hata mmoja, mpaka watu wahame.

Juzi Shangazi alinipigia simu. Msimu haujesha, na kiti chake cha barazani amekigeuza, sasa kinatazama milima.

"Na bahari?" nikamuuliza.

"Mwache huko huko. Kiti changu kimoja keshakichukua."