Shikamoo Niliyouamkia Ukuta

Juzi huko Maretadu nilimwona mama mmoja akiweka ndoo ya maji njiani, mbali na nyumba, kisha akaondoka bila kupiga hodi. Nikajua hapo wamefiwa na mtoto mchanga.

Kwetu ilikuwa hivyohivyo nilipokuwa mtoto, mdogo wangu mchanga alipokufa. Mila ilitufungia ndani mimi na mama, tusisalimiane na mtu, msiba usije ukawafuata wengine. Mchana ule shangazi alileta maji. Nikamwita kutoka mlangoni, "Shikamoo shangazi!" Akaondoka kimya. Leo najua alikuwa na watoto wake wa kuwalinda. Lakini sikuwahi kuona mtu mzima asiyeitikia shikamoo, basi nikaamini nami nimekufa.

Nilijikunyata kwenye kona iliyonuka moshi na samadi, nikauambia ukuta, "Shikamoo." Nikajijibu kwa sauti ya shangazi, "Marahaba, hujambo?" Nikarudia na kurudia, hadi sauti ile ikawa inaniitikia kabla sijaamkia.

Mama alikuwa amejilaza, hajasema neno tangu asubuhi. Nilidhani atanigombeza. Akageuka, akasema taratibu, "Na mimi niamkie, mwanangu."