Golikipa Aliyeambiwa Akae Chini

Elfu tisini na mbili na mia nne. Hiyo ndiyo bei ya Jumapili moja pale Tandika, mwanangu, na naikumbuka kuliko mahari yangu mwenyewe, ambayo ilikuwa pungufu na mpaka leo haijamaliziwa. Nilipiga hesabu jioni ile, nikaipiga tena kesho yake nikidhani hasira imenipotosha. Hesabu ilikuwa sahihi. Hasira nayo ilikuwa sahihi.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Maduka tuliyozoea kuyapangia foleni ya sabuni yalianza kujaa redio na feni, na kila aliyewahi kushusha kontena moja bandarini aliitwa mheshimiwa. Mie nilikuwa binti tu, nauza mitumba sokoni. Mteja akitaja mia tano nacheka, akitaja mia nane nanuna, tunamalizana kwa elfu. Kwa tabia hiyo watu wa mtaa wakaniona nafaa kuwa mweka hazina wa Timu ya Jumamosi.

Timu hiyo ilikuwa ya watu wenye ulemavu wa akili, vijana kwa watu wazima. Kila Jumamosi walicheza mpira kwenye kiwanja cha nyuma ya soko. Golikipa wao alikuwa Hamisi, mtoto wa pekee wa Bi Mwanaidi, yule mama muuza vitumbua. Nasema mtoto kwa sababu ya mama yake; mwenyewe alikuwa na ndevu. Kusoma hakujua, chenji ilimshinda, lakini mpira ukielekea golini alikuwa ameshaudaka wakati sie wengine bado tunauliza nani kapiga.

Mwaka ule timu ilialikwa Morogoro, kucheza na wenzao wa mikoa mingine. Hamisi akafunga begi siku hiyohiyo aliyosikia. Kila asubuhi akawa ananipitia mezani kwangu.

"Dada, Morogoro kesho?"

"Bado, kaka."

"Basi kesho kutwa."

Mtaa ukachanga. Mama ntilie walitoa, wachoma mahindi walitoa, hata fundi baiskeli ambaye hajawahi kumwachia mtu senti moja alitoa, huku akinitazama kama nimemng'oa jino. Mpaka ninapofunga hesabu, nina elfu tisini na tatu mkononi. Basi la kwenda na kurudi, pamoja na viatu, vilitaka elfu themanini na nane. Umenielewa, mwanangu? Fedha ilikuwa imeshatosha. Tungeweza kulipa basi kesho yake na kukaa kimya.

Lakini kamati ni kamati. Mwenyekiti wetu, mzee mmoja mstaafu aliyependa suti kuliko kula, akasimama kikaoni. "Jamani, hizi zitatuishia Morogoro. Tufanye harambee, tualike mgeni rasmi, tupate laki tano!" Wajumbe wakapiga makofi. Mgeni rasmi haji kwenye jua, kwa hiyo turubai. Hali mihogo, kwa hiyo pilau. Hazungumzi kwa mdomo mtupu, kwa hiyo kipaza sauti na jenereta. Pia haondoki mikono mitupu, kwa hiyo kitenge na kinyago. Fedha za basi zikaanza kuliwa hapohapo, kwa kura za watu wazima wenye akili timamu.

Mjumbe mmoja akauliza kama timu itacheza mbele ya mgeni. Mwenyekiti akamkata. "Wacheze? Mtu akimwona Hamisi anadaka vile atatoa hela ya nini? Tutawakalisha kwenye mkeka, na jezi zisivaliwe. Waonekane wanyonge."

Mie nilibishana na mwenye turubai mpaka sauti ikakauka, nikamshusha elfu nne. Ule mkeka niliupitisha bila neno.

Jumapili ikafika. Mgeni rasmi alikuwa mwagizaji wa redio na baiskeli, tumbo limetangulia. Tulimngoja tangu saa nne, akashuka kwenye gari saa nane. Timu ilikuwa imekaa mkekani muda wote huo, kwenye nguo zao mbovu kuliko zote, kama bidhaa isiyo na mnunuzi. Mgeni akainama kwa Hamisi, akamshika kidevu. Kidevu chenye ndevu!

"Hujambo, mtoto mzuri? Unaitwa nani?"

"Shikamoo," Hamisi akajibu. "Mie golikipa."

Watu wa meza kuu wakacheka mpaka soda zikawapalia. Mgeni akachukua kipaza sauti, akasema moyo umemuuma kuona viumbe hawa, akaahidi elfu hamsini na mipira miwili. Vigelegele. Wengine wakapokezana kuahidi, kila mmoja akipandisha juu ya mwenzake, maana ahadi haina uzito mfukoni. Nikawa naandika huku nikitafuta noti kwa macho. Noti zilikuwa chache mno.

Upande wa pili wa kiwanja vijana wa mtaani walikuwa wanacheza chandimu yao. Mmoja akapiga shuti bovu, mpira ukaja unavuma moja kwa moja kwenye meza kuu, usawa wa kichwa cha mgeni. Mheshimiwa akafumba macho. Hamisi akaruka kutoka mkekani, akaudaka kwa mikono miwili juu ya sinia la pilau, akatua bila kumwaga hata punje. Uwanja mzima ukalipuka: "Hamisiii!"

Mgeni akafungua macho. Unadhani alishukuru?

"Kumbe huyu mzima!" akasema, na kipaza sauti kikasema naye. "Mwenyekiti, mmeniita kuchangia wazima?"

Hapo ndipo mwenyekiti alipotakiwa kusema, ndiyo, huyo ndiye golikipa wetu, mtazame vizuri. Badala yake akaanza kufunga vifungo vya suti. "Hapana, mheshimiwa, hiyo bahati tu. Hamisi! Kaa chini wewe!"

Hamisi, mpira kifuani, akaanza kupiga magoti.

"Usikae." Alikuwa Bi Mwanaidi, kutoka kwenye masufuria alikokuwa anapakua. Hakupaza sauti. Akaja akifuta mikono kwenye kanga. "Mwanangu kaniuliza asubuhi jezi yake iko wapi. Nikamwambia kamati inaifua. Nimemdanganya kwa ajili yenu, mpate cha kumwonyesha huyu bwana." Kisha akanigeukia mie. "Na wewe binti, unayeteta mpaka bei ya chumvi. Mwanangu mmemuuza bei gani?"

Nilitazama daftari la ahadi, mwanangu, nikalifunga. Mie, ambaye sijawahi kukosa bei ya kitu.

Mgeni akaondoka na kinyago chake. Pilau aliikubali ifungwe. Jumatatu nikaanza kufuatilia ahadi. Dukani kwake wakaniambia bosi kasafiri. Nikamwona mguu wake chini ya pazia. Wengine walikuwa wamesahau, wengine walikasirika nawakumbusha. Ukitoa zile elfu tisini na mbili na mia nne za sherehe, tulichobaki nacho hakikufikisha hata nusu ya basi. Asubuhi ya safari Hamisi alikuja sokoni na begi begani, akakaa chini ya meza yangu. Nikaendelea kukunja mitumba. Alikaa mpaka adhuhuri, halafu akaenda kumsaidia mama yake kubeba masufuria. Hakuniuliza tena habari za Morogoro, na hilo ndilo lililonichoma.

Tulimwondoa mwenyekiti. Tukaacha harambee, tukaweka mechi: Timu ya Jumamosi na wauza samaki, na makuli, na mafundi. Kiingilio mlangoni, mlangoni mie. Hata mume wangu mtarajiwa alilipa. Watu walikuja kujaribu kumfunga Hamisi, wakarudi wiki iliyofuata kwa sababu walishindwa. Mwaka uliofuata timu ikapanda basi kwa fedha yake yenyewe. Morogoro Hamisi alifungwa manne, akarudi akisema refa mwizi, kama golikipa mwingine yeyote.

Sasa umeniletea kadi ya mchango wa klabu yenu, mwanangu, yenye picha ya mchezaji anayelia. Hasira yangu ya zamani imeamka. Kamwulize kwanza mwenye uso huo kama ameridhia. Watu wawaone wachezaji wenu wakicheza, kwa jezi zao, na atakayetoa atoe kwa sababu ameburudika au ameona haki yao. Fedha ya viatu inunue viatu, mgeni ale kwake. Ahadi ya kwenye kipaza sauti usiihesabu mpaka iwe noti, na noti uikague pande mbili. Na ukimwona mtu mzima anaitwa mtoto, usicheke na meza kuu.

Mungu akupe macho ya kuona mtu kabla ya hali yake, akupe na ulimi wa kukataa kikaoni, siyo baadaye barabarani. Akulindie kila golikipa wako.

Na wewe msomaji, kama baba yako alikuwa anaagiza redio na baiskeli miaka ile, na aliwahi kula pilau Tandika, mwambie bado namdai. Elfu hamsini na mipira miwili. Thamani ya shilingi imeshuka, kwa hiyo fedha tutapatana. Mipira aanze kuleta.