Kabla Hujapiga Window

Mwanangu, kaa hapa kwanza. Hiyo kompyuta ya watu iache. Nataka nikwambie kwa nini huwa nakupigia kelele ukishika kitu cha mteja kwa pupa. Si ukali wa uzee tu, ingawa huo nao ninao.

Naikumbuka asubuhi moja ya mvua, miaka ile ya wakimbizi, maboti yanashusha watu hapa ufukweni Katonga kila kukicha. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na mbili, fundi kompyuta pekee wa kike mtaa huu wetu wa Mwanga, na kichwa kilikuwa kimenivimba kwelikweli. Akaingia Mzee Ilunga, rubani kutoka Kongo, amebeba kompyuta aliyovuka nayo ziwa ikiwa imefungwa kwenye mifuko ya plastiki. Ndani yake mlikuwa na programu ya kujifunzia kurusha ndege, ile unayokaa mbele ya kioo ukashika usukani uliochomekwa kwenye kompyuta kana kwamba uko angani. Alikuwa akifanyia mazoezi, maana kampuni moja ya ndege ndogo ilikubali kumpima. Akipita, anapata kazi, na yeye na mkewe wanapata kibali cha kukaa mjini. Akishindwa, wanarudi kambini. Sasa programu yenyewe kila akiifungua inajizima palepale.

Nikamwamkia, nikamwambia aniachie vyote, na usukani wake, arudi kesho. Sikumuuliza hata swali moja. Kuuliza niliona ni kazi ya wasiojua.

Nikahangaika nayo hadi mchana, hasira zikanipanda. Unatujua sisi mafundi wa hapa: kompyuta ikiumwa chochote, dawa ni kupiga window upya, yaani kufuta kila kitu na kuweka mfumo mpya. Kabla ya kufuta nilipekua harakaharaka, nikakuta folda ya picha. Karatasi zenye mihuri, leseni yenye sura yake, kurasa za daftari la saa alizorusha ndege. Niliziona, mwanangu, kwa macho yangu haya. Nikasema moyoni, mapicha tu haya, karatasi zenyewe si anazo nyumbani. Nikafuta kila kitu.

Nikapiga window, nikaiweka ile programu upya, nikaifungua. Ikajizima vilevile. Ndipo nikauchomoa usukani, basi tu, kwa kukata tamaa, na programu ikafunguka bila shida, ndege imesimama kiwanjani inasubiri. Kumbe ubovu wote ulikuwa kwenye usukani. Kazi ya dakika mbili.

Kesho yake Mzee Ilunga akaja na mkewe. Akaiona programu inafanya kazi, akafurahi, kisha akaanza kutafuta folda yake. Akanieleza kwamba karatasi zenyewe ziliungua pamoja na nyumba yao huko kwao, na zile picha ndizo zilizobaki. Pale ndipo nilipotakiwa kusema, nami nikasema hivi: "Mzee, diski ilikuwa imeshaoza. Sikukuta kitu."

Akaibeba kompyuta yake, akasema asante. Siku mbili baadaye mkewe akaniletea samaki, migebuka minne ya kunishukuru. Nyumbani walikula wakasifu, mimi sikuigusa.

Baadaye nikasikia kampuni imemkataa kwa kukosa uthibitisho, na wamerudishwa kambini. Nilikaa mwaka mzima na hilo jambo tumboni. Mwishowe nikapanda gari nikamfuata. Nilimkuta amelala kwenye mkeka, kifua kimembana, mkewe anampepea. Nikapiga magoti nikamweleza yote.

"Nilijua siku ileile," akasema. "Diski iliyooza haikubali window mpya."

Nikamuuliza mbona alininyamazia. Akasema mkimbizi hana pa kumshitaki mtoto wa mwenyeji. Akakohoa sana, kisha akaendelea polepole.

"Karatasi waliniambia wangezisamehe. Walitaka mtu mmoja tu asiye ndugu yangu aape kwamba aliziona, hata kwenye picha. Mtu huyo ulikuwa wewe."

Nikamwambia nitaapa hata leo, twende wote. Akatikisa kichwa. Nafasi ilishachukuliwa, na kifua kile kisingekubaliwa tena kurusha ndege. Alisema amenisamehe, na naamini alisema kweli, lakini sikupata nafuu yoyote. Alizikwa kulekule kambini kabla ya mvua nyingine.

Basi shika haya, mwanangu. Uliza kabla hujafuta, maana hujui mtu amebakiwa na nini. Ukikwama, chomoa kwanza kinachochomoka. Na ukiharibu, sema siku hiyohiyo, wakati kusema kwako bado kunaweza kumsaidia uliyemharibia. Mimi nilisema baada ya mwaka, nikamsaidia nani?

Mungu akupe mikono isiyo na haraka na ulimi usiochelewa kukiri, na watu wakikukabidhi mali yao wasije wakajuta. Haya, nyanyuka. Mwite yule mama pale nje, mwenye hiyo kompyuta, umuulize ndani yake ameweka nini.